Kando ya Barabara ni kwa Nani?
Neno: Mwanzo 4:9



Ukienda mashambani utaona kando ya barabara mmea wenye vijiua vyeupe. Unapendeza, lakini ni gugu karoti, lililotufikia kutoka bara la Amerika. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri na matope ya magurudumu, maji ya mvua na mifugo. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Ukiling'oa kwa mikono mitupu, ngozi inawasha.

Sasa nauliza: nani aling'oe? Mwenye shamba anasema, "Pale si kwangu, ni kwa serikali." Lakini mbegu haisomi title. Msimu ujao iko ndani ya mahindi yake.

Kaini naye alijitetea hivyo, na Mungu hakumkubalia. Mimi naamini wajibu hauanzi na kumiliki. Unaanza na kuona. Kijana wa jirani anashinda stage akinywa, nasi tunasema, "Si wangu." Gugu si huyo kijana, jamani. Gugu ni pombe, na kesho itabisha kwako.

Utaniuliza, "Pasta, ning'oe barabara nzima?" Hapana. Anza na lililo mbele ya geti lako, kabla halijatoa maua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wiki hii mwombee kijana mmoja kwa jina. Kisha nenda ukamwone.

Amina.