Dawa ya Deni

Ndani ya seli za mwili wako kuna vifuko vidogo vyenye kazi isiyo na sifa: kusaga taka. Mbelgiji Christian de Duve na wenzake walivieleza mwaka 1955, vikaitwa lisosomu. Humo mna vimeng'enya vingi, kila kimoja na kazi yake. Kikikosekana kimoja, taka yake haisagiki. Inarundikana, seli inavimba, na mara nyingi ubongo ndio unaoumia zaidi. Katika baadhi ya magonjwa haya ya kurithi, mtoto huzaliwa akionekana mzima, hujifunza kutembea na kusema, kisha taratibu hupoteza yote aliyojifunza.

Mengi tunayoyajua kuhusu magonjwa haya yametoka kwa wanyama. Nasoma shahada ya uzamili, na katika kusoma nimekutana na kazi za Robert Jolly, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand. Ndani yake kuna jambo ambalo bado linanisumbua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jolly na wenzake walichunguza ndama wa Angus waliokuwa wakitetemeka kichwa, wakiyumba, wakidumaa na kufa mapema. Waligundua kwamba wamekosa kimeng'enya kiitwacho alfa-manosidesi, kile kile kilichokuwa kimeonekana kukosekana kwa mtoto mmoja wa Sweden miaka michache kabla. Sisi tuliokulia penye selimundu tunaijua hesabu yake: wazazi wawili wabebaji, wote wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa. Mbebaji ana takribani nusu ya kimeng'enya, kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kumtambua. Wafugaji wakaanza kupima. Dume mbebaji hakuachiwa kupanda tena, na ugonjwa ukapungua sana.

Kwa kondoo, mambo yalikwenda kinyume. Kulikuwa na kondoo wa South Hampshire wenye ugonjwa unaofanana na ugonjwa wa Batten wa watoto: wanapofuka, ubongo unasinyaa, wanakufa wangali vijana. Hapa ukoo wenye ugonjwa ulitunzwa. Wabebaji walipandishwa kwa makusudi ili wagonjwa waendelee kuzaliwa. Kwa kondoo hao, David Palmer, Jolly na wenzao walionyesha kwamba kinachorundikana kwa wingi ni protini, ilhali kwa miaka mingi watafiti walikuwa wakitafuta kosa kwenye mafuta. Protini hiyo hiyo ikaonekana pia kwa watoto.

Kwa hiyo mtaalamu yule yule alisaidia kufuta ugonjwa katika zizi moja na kuuendeleza katika zizi lingine. Je, mikono hiyo miwili ni ya mtu mmoja mwenye haki?

Wengi watajibu haraka: mtoto ni bora kuliko kondoo. Nami nakubali. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya aina mojawapo ya ugonjwa wa Batten, kimeng'enya kinachoingizwa kwenye ubongo kupitia kichwani. Haiponyi, lakini inachelewesha siku ya mtoto kushindwa kutembea. Kabla ya watoto, ilijaribiwa kwa mbwa wa aina ya dachshund waliozaliwa na ugonjwa huo. Sidhani kama ningeweza kumtazama mama wa mtoto huyo usoni na kumwambia mbwa wale wasingepaswa kuzaliwa.

Lakini jibu hilo linafunga mjadala mapema mno. Kusema mtoto ana thamani zaidi hakusemi kwamba mnyama hana thamani. Tena, mnyama huyu hatukumkuta mgonjwa tukamsaidia, tulipanga augue. Mkulima anayechinja mbuzi humlisha vizuri mpaka siku ya mwisho. Sisi tumempa kondoo maisha ambayo ubaya wake ndio faida yetu. Faida inaeleza kwa nini tulikopa. Haisemi kwamba tumelipa.

Dawa ya deni ni kulipa, na katika jambo hili malipo yanajulikana. Wazaliwe wachache kadiri swali linavyohitaji. Mateso yakizidi, mnyama apumzishwe, hata kama data haijakamilika. Matokeo yachapishwe, hata yaliyoshindwa, ili pasizaliwe mgonjwa mwingine kujibu swali lililokwisha jibiwa. Na maarifa yarudi zizini, kama yalivyorudi kwa Angus: leo kuna ndama wasiotetemeka kwa sababu wenzao walichunguzwa.

Hata hivyo, hakuna kondoo aliyepofuka akalipwa yeye mwenyewe. Sehemu hiyo ya deni haina wa kuipokea. Nadhani mtafiti mwaminifu ni yule anayeendelea na kazi yake huku akijua hivyo, na anayeona aibu kidogo kila anapoliita zizi hilo "kifaa cha utafiti".