Upepo Ambao Haukuja

Kuna swali linalonikera tangu Mei 2024, na nimegundua watu wengi hata hawalioni kama swali. Mtu akikuonya kwamba upepo mbaya unakuja, usiingie baharini, nawe ukakaa, halafu upepo usije, je, amekukosea? Marafiki zangu wa Nairobi hujibu haraka: wachana na hiyo, heri kupoteza siku kuliko kupoteza maisha. Ni kweli. Lakini angalia nani anasema. Ni mtu ambaye mshahara wake huingia upepo uvume usivume.

Mwezi huo kimbunga Hidaya kilikuwa Bahari ya Hindi kikielekea pwani ya Afrika Mashariki. (Hidaya ni zawadi, kwa wale ambao Kiswahili chao ni cha bara. Majina ya vimbunga hupangwa mapema kwenye orodha, kwa hivyo hakuna aliyekuwa akitutania.) Nchi ilikuwa imeshalowa, mafuriko yalikuwa yameua watu Mai Mahiu siku chache tu kabla, na hakuna mkubwa aliyetaka kubahatisha. Wavuvi wakaambiwa wasitoke. Fuo zikafungwa. Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika kisiwa cha Mafia kikiwa kinapoteza nguvu. Kule Lindi mvua ilikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, kwa hivyo haikuwa hadithi tupu. Ila pwani ya Kenya iliponea, na vichekesho havikukawia kujaa kwenye simu zetu.

Walioonya walikuwa na sababu. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili kijisokote, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Ndani ya digrii tano hivi, kaskazini au kusini, vimbunga ni nadra sana. Mombasa iko digrii 4. Mafia iko karibu 8. Jiografia inatulinda, lakini si ulinzi wa kuuwekea dhamana. Unguja, digrii 6, ilipigwa Aprili 1872: mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba, na merikebu za Sultani Barghash zikazama. Wewe ungekuwa ofisini siku hiyo ya Mei, na ramani mbele yako, ungenyamaza?

Hebu tuangalie kinachotokea kabla onyo halijafika kwenye simu. Setilaiti hupiga mawimbi ya redio juu ya maji na kusoma jinsi uso wa bahari ulivyokwaruzika, manake upepo ndio unaoukwaruza. Manahodha wa meli za mizigo hutuma vipimo vyao kwa hiari. (Maharamia wa Somalia walipotawala magharibi mwa bahari hii, meli zikakwepa eneo hilo, vipimo vikapungua, na hapo ndipo utaona kwamba hata kuujua upepo wetu kunategemea wema wa watu tusiowajua.) Kisha kompyuta inapewa hesabu. Kituo cha utabiri cha Ulaya, kwa mfano, hakipigi hesabu mara moja. Kinaipiga mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya mwanzo, kwa sababu hakuna anayejua kwa uhakika kamili hewa ikoje sasa hivi. Tuseme hesabu 36 kati ya hizo zinaleta upepo mkali na 15 hazileti. Mtabiri anapata kitu kama asilimia 70.

Hapo ndipo swali langu linapokuwa gumu. Asilimia 70 haisemi upepo utakuja. Inasema kwamba katika siku kumi zinazofanana na hii, saba zitakuwa na upepo na tatu hazitakuwa nao. Ukiwa kwenye mojawapo ya zile tatu, mtabiri hajasema uongo. Na siku moja haitoshi kumshika kwa uongo. Ukweli wake unapimwa kwa mamia ya siku, akiulizwa: zile mara zote uliposema 70, kweli zilikuwa 70? Yaani yeye ana haki ya kuhukumiwa kwa mwaka mzima. Mvuvi anakula kwa siku moja moja.

Lugha nayo haitusaidii. Sisi tunaita jambo hili utabiri, neno lile lile tunalompa mnajimu anayekwambia utaolewa lini. Robert FitzRoy, nahodha aliyembeba Darwin kwenye meli ya Beagle, aliliona tatizo hilo mapema. Alipoanza kutoa habari za hali ya hewa Uingereza alichagua kwa makusudi neno tofauti la Kiingereza, ili watu wasidhani anafanya uaguzi. Kiswahili hakikupata nafasi hiyo. Tuna “huenda”, neno zuri na la kweli, lakini fuatilia safari yake. Linatoka kwa mtaalamu likiwa huenda. Likipita kwa mkubwa linakuwa amri. Likifika kwenye kundi la familia la WhatsApp limekuwa kiama, na sauti ya mtu analia.

Kisa cha FitzRoy chenyewe kinastahili kukaa nacho kidogo. Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilivunjika kwenye miamba ya Anglesey, ikafa na watu zaidi ya 400. Kuanzia 1861 FitzRoy akawa anapeleka maonyo kwa telegrafu hadi bandarini, ambako yalitundikwa mlingotini kwa umbo la koni na pipa, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Wakati mwingine alikosea. Magazeti yalimcheka, wanasayansi walimdharau, na baadhi ya wenye meli za uvuvi walilalamika kwamba vyombo vinalala bandarini bure. Alijiua Aprili 1865. Mwaka uliofuata maonyo yakasimamishwa. Na nani walioyadai yarudi? Watu wa bahari. Mwaka 1867 yakarudi.

Ukisoma harakaharaka utasema basi imethibitika, anayepanda chombo hutaka onyo, hata likiwa na makosa. Nilikuwa nafikiri hivyo nikaenda Msambweni kwa mjomba, ambaye amevua samaki tangu kabla mimi sijazaliwa. Yeye hana ugomvi na utabiri. Ana simu, anaangalia ramani ya rangi, anajua kusi inapoanza kuchafua bahari hata kabla rangi haijabadilika. Nilimuuliza kuhusu zile siku za Hidaya.

“Mjomba, ulikasirika?”

“Kwa nini nikasirike? Wangeniambia nikasikia, ningekaa mwenyewe. Mimi si mtoto.” Akaendelea kushona wavu. “Lakini niliyekaa ni mimi. Aliyesema kaa, yeye hakukaa.”

Kuna wanaosema onyo linatosha, kwamba ukishampa mtu ukweli umemaliza wajibu wako. Ingekuwa hivyo kama onyo lingekuwa habari tu. Lakini pale linapogeuka kuwa katazo, limeshamchukulia mvuvi siku yake, na kitu kilichochukuliwa kina bei. Tena tazama upande wa anayekataza. Akinyamaza watu wafe, ataitwa bungeni. Akikataza na upepo usije, hakuna kinachompata. Kwa mizani hiyo hata mimi ningekataza kila mara. Sidhani hiyo ni tahadhari. Ni kuhamisha hatari kutoka ofisini na kuipeleka jikoni kwa mtu mwingine, kisha kujisifu kwa busara.

Najua pingamizi: ukiwalipa watu kukaa, watasingizia kila wingu. Labda wengine. Lakini tuna vikundi vya usimamizi wa fuo, vyenye orodha za vyombo na watu wao, na amri ya kutoingia baharini ina tarehe. Kuhesabu siku hizo si kazi ya kutisha. Na kabla ya pesa, kuna jambo la bei rahisi zaidi: kila onyo jipya liambatane na rekodi ya yaliyopita. Mara ngapi mwaka huu tulisema upepo utapita maili 34 za bahari kwa saa, na mara ngapi ulipita. Ibandikwe bandani, pale samaki wanapopimwa. Mjomba anajua hesabu vizuri sana. Mizani ya wanunuzi imemfundisha.

Nilipomweleza habari ya siku saba na siku tatu, alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama zile tatu huja kwa kufuatana au zimetawanyika. Nikamwambia zinaweza kuja vyovyote, hata zote tatu kwa wiki moja. Akasema wiki hiyo ndiyo anayotaka kuzungumzia.