Kumtupia Mwenzako Lawama

Kihispania kina kitenzi kimoja kidogo ambacho mwanafunzi hukutana nacho mapema sana, nacho ni echar. Maana yake ya asili ni kutupa, lakini kazi zake ni nyingi kuliko za punda. Mpishi hutia chumvi kwa echar, mwenye barua huitia katika sanduku la posta kwa echar, na mwajiri humfukuza mfanyakazi kwa echar hiyo hiyo. Nilipokaa Granada, kusini ya Hispania, nilidhani nimekwisha kukijua.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mzee mpole. Siku za kwanza bilauri iliniponyoka jikoni ikavunjika. Nikatunga sentensi kwa jasho: Rompí el vaso, yaani nimevunja bilauri. Akanisahihisha: Se te rompió, imekuvunjikia. Nilifurahi, maana nasi twasema vivyo hivyo. Kwetu kikombe huvunjika, maziwa humwagika, fedha hupotea, na mkono uliohusika hautajwi. Huko si kudanganya. Asiyekusudia halingani na aliyekusudia, na ni vema lugha iwe na mlango wa huruma kwa ajili yake.

Wataalamu wawili, Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, walichapa uchunguzi juu ya jambo hili mwaka 2011. Waliwaonyesha watu filamu fupi za mambo yaliyofanywa, mengine kwa kusudi, mengine kwa bahati mbaya. Wasemaji wa Kiingereza na wa Kihispania walimkumbuka sawasawa yule aliyekusudia. Lakini yule wa bahati mbaya, wasemaji wa Kihispania walimkumbuka kwa shida zaidi. Basi sarufi nayo yaweza kumsitiri mtu.

Tatizo ni kwamba mlango wa huruma hauna bawabu. Majuma machache baadaye nilisafisha tundu la kanari wa bibi, nikaacha kilango wazi kwa uvivu tu, nikaenda zangu kusoma. Ndege akaruka. Bibi alipouliza, nikajibu upesi: Se abrió, lilifunguka. Safari hiyo hakunisahihisha. Sentensi ilikuwa safi kabisa. Akageuka akamtazama mjukuu wake wa miaka 9, na mtoto akapaza sauti: ¡A mí no me eches la culpa!

Usiku nikafungua kamusi. Echar la culpa: kumtupia mtu hatia. Sisi tunacho kitenzi kusingizia, lakini hicho kina uongo ndani yake. Cha Kihispania hakisemi kama anayetupiwa anastahili au hastahili. Chasema tu kwamba hatia imetoka kwa mmoja ikamwendea mwingine. Tena hutaka mtu wa kupokea, kwa hiyo mwanafunzi asisahau kile kihusishi kidogo a, maana bila yeye sentensi inapwaya.

Nilijitetea kitandani kwamba sikumtaja mtoto. Ni kweli, sikumtaja. Lakini arushaye jiwe juu ya ukuta naye hamtaji anayepita upande wa pili. Nilikuwa nimesema tendo bila mtenda, na nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu. Bibi angemtafuta nani? Adamu angalau alisema wazi anamtupia nani. (Hawa naye akamtupia nyoka, na nyoka akakosa wa kumtupia.) Mimi nilitupa bila hata kutazama, nikaona kwamba kutotazama ndiko usafi wangu. Wahispania husema pia tener la culpa, kuwa na hatia. Nikavilinganisha vitenzi hivyo viwili, nikaona kwamba usiku ule nilikuwa nacho kile nilichokitupa.

Mtu ataniambia, ni ndege tu. Lakini mtoto yule hakuuliza habari za ndege. Alilala anajua kwamba katika nyumba ya bibi yake mgeni amesadikiwa kuliko yeye.

Asubuhi nilikwenda jikoni na sentensi niliyoifanyia mazoezi: La dejé abierta yo. Kitenzi peke yake chatosha kuonyesha kwamba ni mimi niliyeliacha wazi. Yo ile ya mwisho ni ya hiari. Bibi alinyamaza kidogo, akafuta mikono, kisha akamwita mjukuu na kuniamuru niseme tena mbele yake. Nikasema tena. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaanza kuicheka j yangu.