Daktari, Peponi na Picha ya CT

Novemba 2008, Eben Alexander, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeishi Lynchburg, Virginia, aliamka alfajiri mgongo ukimuuma, kisha kichwa. Saa chache baadaye alikuwa mahututi hospitalini, mwili ukirushwarushwa na kifafa. Maji yaliyovutwa kwenye uti wake wa mgongo yalikuwa na usaha. Mdudu alikuwa E. coli, ambaye ni nadra mno kumpa mtu mzima homa ya uti wa mgongo.

Siku saba hakujitambua. Alipozinduka alisema amefika mbinguni, na mwaka 2012 akatoa kitabu, Proof of Heaven, kikauzika kama njugu.

Wengi walioponea chupuchupu husimulia mwanga na bustani. Alexander alidai zaidi: gamba la ubongo wake, penye kiwanda cha fikra, lilikuwa limezimika kabisa, kwa hiyo kilichoona hayo si ubongo. Miongoni mwa ushahidi wake ni picha za CT.

Ushahidi huo haubebi mzigo uliotwishwa. CT ni eksirei inayomzunguka mgonjwa ikachora umbo la viungo. Katika homa hii, mara nyingi picha ya siku ya kwanza hutoka safi ilhali mgonjwa yu hoi. MRI, picha ya sumaku, ikiwa na dawa ya gadolini hufichua mengi: tando za ubongo zinang'aa, usaha umetuama mabondeni, vyumba vya ubongo vimetanuka kwa maji yaliyokosa njia, jipu limejifungia, doa jeusi au jeupe limebaki pale mshipa ulipoziba. Kama seli zinafanya kazi au zimenyamaza, CT haisemi. Sam Harris, mwenye shahada ya uzamivu ya sayansi ya ubongo, alimkosoa kwa hoja hiyo mwaka huohuo wa 2012. Mwaka uliofuata jarida la Esquire likaongeza kwamba Alexander alikuwa amelazwa kwa dawa za usingizi.

Lakini anayerukia hapo kusema mbingu ni ndoto tu naye anaisingizia mashine. Picha iliyoshindwa kuthibitisha safari haiwezi kuikanusha.

Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, alisimulia habari za mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu. Kama alikuwa ndani ya mwili au nje, mara mbili alisema hajui, akamwachia Mungu. Alexander, mwenye bahasha ya picha mkononi, alijibu bila kusita. Tena maono hayana saa: huenda aliyaona ubongo ukiwa umelala fofofo, huenda ulipokuwa unaamka.