BANGI, SHERIA YA NCHI, NA UHURU WA MKRISTO

Somo: 1 Wakorintho, mlango wa 6, mstari wa 12 hata 20



Katika mkutano wa walimu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza neno ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Mchungaji, twasikia kwamba wako watu waombao serikali iruhusu bangi. Siku itakaporuhusiwa, je, tutaiondoa katika makosa yamzuiayo mtu asishiriki Meza ya Bwana? Au tutamrudi mtu kwa jambo ambalo serikali yenyewe imelihalalisha?" Wengine walicheka, lakini wengi walinyamaza; na katika hao walionyamaza twajua wazazi watatu ambao wana wao huvuta. Basi tuliahidi kujibu, na leo twaitimiza ahadi hiyo.

Kwanza yafaa tuijue habari yenyewe, maana si vema kukemea jambo tusilolijua. Hapa kwetu Kenya sheria ya mwaka 1994 juu ya madawa ya kulevya yakataza bangi. Lakini mwaka 2018 mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, aliomba Bunge limsaidie kutunga mswada wa kuihalalisha na kuisimamia. Alifariki mwezi wa Julai 2019, na mswada ule haukuwa sheria. Mwaka 2021 wafuasi wa Rastafari walipeleka shauri katika Mahakama Kuu, wakisema kwamba bangi ni sehemu ya ibada yao. Mwaka 2022 Bwana George Wajackoyah aligombea urais, akiahidi kwamba bangi ikilimwa na kuuzwa ng'ambo italipa madeni ya nchi. Watu wengi walimfurahia katika mikutano. Hata hivyo alipata kura 61,969 tu, wala hazikufika kura moja katika kila mia.

Tusifikiri kwamba neno hili ni la kwetu peke yetu. Nchi ya Uruguay ilihalalisha mwaka 2013, na Kanada mwaka 2018. Mwaka huo wa 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini iliamua kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa bangi aitumiayo faraghani, na mwezi wa Mei 2024 sheria juu ya jambo hilo ilitiwa sahihi. Lakini kuiuza hakukuruhusiwa. Hata Ujerumani, nchi ya Luther, tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima ana ruhusa kuchukua gramu 25 na kupanda miche mitatu nyumbani kwake. Basi asiyeona kwamba swali la mzee wetu laweza kufika mlangoni mwetu, huyo amelala.

Sasa na tutazame hoja zao, wala tusizipotoe, maana amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata jirani tusiyepatana naye. Wasema: "Bangi ni mmea ulioumbwa na Mungu." Neno hili ni kweli. Mmea haukutenda dhambi. Hata mtama uliumbwa na Mungu. Mama mmoja huusaga akawapikia watoto uji, na mwingine huuchachua hata mumewe akalala mferejini. Kosa si la mtama. Lakini mtu asemaye kwamba kila mmea ulioumbwa na Mungu wafaa kuvutwa au kuliwa, na aende porini akajaribu kila jani, aone kama atarudi.

Tena wasema: "Sheria hii huwaumiza maskini." Nalo hili tusilikatae upesi. Kijana wa mtaa wa mabanda akionekana na msokoto mmoja hutiwa rumande, na mama yake huuza kuku wake wote apate kumtoa. Mwana wa tajiri huvuta nyuma ya ukuta mrefu, wala hakuna abishaye hodi. Manabii walikemea sana mizani ya hila. Kwa hiyo Mkristo aweza kusema kwamba adhabu hii ni nzito mno, na mwingine aweza kusema kwamba yafaa ibaki, na wote wawili wakala mkate mmoja katika Meza ya Bwana. Luther alifundisha kwamba Mungu autawala ulimwengu kwa njia mbili: kwa sheria za serikali huzuia uovu usienee, na kwa Injili hugeuza mioyo. Kupima kiasi cha adhabu ni kazi ya wale waliopewa serikali. Nasi twawaombea hekima.

Lakini swali la mzee wetu si la adhabu, ni la dhambi. Nalo twalijibu hivi: Bunge haliumbi dhambi, wala Bunge halifuti dhambi. Wazee wetu wakumbuka habari za kipande. Zamani za ukoloni mwanamume alifungwa kwa kuwa hakukivaa kipande chake shingoni. Sheria ilisema ni kosa. Je, alikuwa mwenye dhambi mbele za Mungu? Hata kidogo. Na leo mume akimwacha mkewe nyumbani akaenda kwa mwanamke mwingine, hakuna askari atakayemkamata. Je, kwa hiyo amekuwa mwenye haki? Basi mizani ya serikali ni moja, na mizani ya Mungu ni nyingine. Mara nyingi hukubaliana, lakini si mizani moja.

Wakorintho walikuwa watu wa kujisifu kwa ruhusa. Kila walipoonywa walijibu kwamba wao ni watu huru, nao wamefunguliwa. Mtume Paulo hakuwanyang'anya uhuru wao. Aliwauliza maswali mawili: Jambo hilo lililo halali kwenu, je, lafaa? Tena, je, ninyi mwalitawala, au lenyewe lawatawala ninyi? Kisha akawaonyesha kwamba mwili wa mwamini ni hekalu la Roho, umenunuliwa kwa thamani kubwa, wala si mali ya mwenyewe.

Na tuitie bangi katika maswali hayo mawili. Je, yafaa? Madaktari watuambia kwamba dawa kali iliyomo ndani yake, iitwayo THC, huugusa ubongo. Nao ubongo wa kijana hauishi kukua mpaka apate miaka ishirini na kitu. Aanzaye mapema na kuvuta sana hujitia katika hatari ya kusahau masomo, tena wengine hupatwa na ugonjwa wa akili, wakasikia sauti zisizokuwako. Si wote wapatwao hivyo. Tusiseme uongo ili kuwaogopesha watoto, maana siku watakapoujua uongo wetu hawatatusadiki hata katika kweli. Lakini ni nani ajuaye kwamba mwanawe si mmoja wa hao? Je, yatawala? Wako waiachao wakitaka. Na wako wengi wasioweza kulala, wala kula, wala kucheka, pasipo hiyo. Mtu wa namna hiyo hata akipewa ruhusa na serikali zote za dunia si mtu huru. Ana bwana.

Wala hao si wachache. Mwaka 2022 halmashauri ya serikali ipiganayo na ulevi, NACADA, ilihesabu kwamba watu 518,807 wa nchi yetu, wenye umri wa miaka 15 hata 65, hutumia bangi. Hao wote walivuta wakati sheria ikikataza. Fikirini neno hilo, ndugu walimu. Twaogopa siku ambayo mlango utafunguliwa, kumbe watoto wetu wamekwisha kupita dirishani.

Hapa yatupasa kuungama neno letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita usharikani kwetu alikuwako kijana mwimbaji wa kwaya, mwana wa mzee wa Kanisa. Mama yake alitujia jioni moja, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema: "Baba Mchungaji, mwanangu hasemi na watu tena. Usiku husema peke yake." Tulimwuliza neno moja tu: "Je, avuta bangi?" Alipojibu, "Ndiyo, Baba," tulifungua kitabu cha usharika tukaandika jina la kijana katika orodha ya waliozuiliwa. Tukaomba sala fupi, mama akaenda zake. Tulidhani tumemaliza kazi.

Hatukwenda kumwona. Baadaye alikamatwa na misokoto miwili, akakaa rumande. Hatukwenda kumwona huko pia. Alipotoka alikwenda kwa wale wale waliompa bangi, kwa kuwa wao walimpokea, wakampa mahali pa kulala. Sisi tulikuwa na kitabu; wao walikuwa na mkeka. Aliyemfuata mwisho alikuwa mwinjilisti mmoja, mtu aliyekuwa mlevi wa chang'aa zamani, ambaye wengine wetu tulimdharau. Huyo alikwenda mara ya kwanza akatukanwa. Akaenda mara ya pili, na ya tatu, na mara nyingi. Alimpeleka hospitali, akangoja naye katika foleni. Leo kijana yule hushona viatu sokoni na kumeza dawa za daktari. Siku nyingine hali yake ni njema, siku nyingine si njema. Kwaya hajairudia. Lakini Jumapili huketi katika benchi la nyuma, karibu na mlango, nasi kila tumwonapo twakumbuka kitabu kile.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili. Siku serikali itakapoihalalisha bangi, kama itaihalalisha, mafundisho yetu hayatabadilika hata neno moja. Ila itadhihirika kama tulikuwa tukifundisha, au tulikuwa tukimtegemea askari tu. Kama mtoto wetu haivuti kwa sababu ya kuogopa polisi, hatujamfundisha Katekismo, tumemfundisha kujificha. Lakini kama amejua kwamba amenunuliwa kwa damu, atasimama hata pasipo askari.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu.

La kwanza, tuitengeneze nyumba yetu wenyewe. Mzee amkemeaye kijana kwa bangi, naye arusini hubebwa na watu kwa sababu ya pombe, maneno yake ni debe tupu. Vijana wana macho. Pombe ina ruhusa ya serikali tangu zamani, na makaburi yake twayajua. Tukiona aibu kuitaja pombe, tusijivune kuitaja bangi.

La pili, tutenganishe ugonjwa na anasa. Mgonjwa mwenye maumivu makali akipewa na daktari dawa ya kuyatuliza, asisumbuliwe dhamiri yake. Yule Msamaria mwema naye alitia mafuta na divai katika jeraha. Neno tunalolikemea ni kutafuta ulevi ili kuikimbia akili tuliyopewa na Mungu. Wala mtu asijiite mgonjwa ili apate kulewa.

La tatu, tuwaendee. Mwalimu akisikia kwamba kijana fulani avuta, asianze na kitabu. Na aanze na miguu yake. Amwulize habari zake kabla ya kumwuliza kosa lake. Wengi huvuta kwa sababu hawana kazi, wengine kwa sababu ya matanga yasiyokwisha moyoni, wengine kwa kuwa hawana rafiki ila hao. Kumrudi mtu na kumzuia Mezani ni dawa ya Kanisa, si rungu. Dawa hutolewa na mtu akaaye karibu na kitanda.

Mwisho, na tumtazame Bwana wetu pale Golgotha. Marko atusimulia kwamba kabla hajasulibiwa walimpa divai iliyochanganywa na manemane, ipumbazayo maumivu, naye hakuikubali. Hakuikataa ili kuwahukumu wagonjwa. Aliikataa kwa kuwa alikuja kukichukua kikombe chetu chote kwa akili timamu, pasipo kuacha tone. Aliyajua maumivu yetu akiwa macho. Kwa hiyo kijana alaliaye mawazo usiku, atafutaye moshi ili asahau, ana Bwana aliyekesha kwa ajili yake. Mwambieni hivyo. Lakini nendeni mkamwambie kwake, msimngojee kanisani.

Ee Bwana Yesu, uliyeyachukua maumivu yetu kwa macho yaliyo wazi, wahurumie wana wetu waliofungwa na moshi, na wazazi wao walio kimya kwa ajili ya aibu. Uwape watawala wetu hekima na haki. Nasi wachungaji na walimu utusamehe milango tuliyoifunga, utupe miguu ya kwenda. Amin.