Wanne Waliombeba Mwenzao

Somo: Marko 2:1–12



Katika somo letu twasoma habari za mtu mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu kule Kapernaumu, akichukuliwa na watu wanne. Majina yao hatukupewa. Twajua tu ya kwamba mlango ulikuwa umejaa watu, nao hawakurudi nyumbani. Walipanda juu ya nyumba ya wenyewe, wakatoboa, wakamshusha mwenzao mpaka mbele ya Bwana. Mwezi huu twapenda kuwatafakari watu hawa wanne kwa msaada wa habari za mtu mmoja wa siku zetu, ambaye huenda vijana wamemwona katika simu zao, na wazee hawajapata kumsikia.

Jina lake ni Stephen Glover, lakini watazamaji humwita Steve-O. Alizaliwa London mwaka 1974, na kwa ajili ya kazi za baba yake alikulia nchi baada ya nchi: Brazili, Venezuela, Marekani, Kanada, na Uingereza tena. Alianza masomo ya chuo kikuu huko Miami, akayaacha. Mwaka 1997 alihitimu katika chuo cha wachekeshaji cha sarakasi kubwa ya Marekani, Ringling Bros. and Barnum & Bailey, lakini sarakasi hiyo haikumchukua kazini. Mwaka 2000 kituo cha televisheni cha MTV kilianza kuonyesha kipindi kiitwacho Jackass, jina ambalo kwa lugha yao ni punda dume, tena hutukaniwa mtu mpumbavu. Mbele ya kamera alikuwako Johnny Knoxville na wenzake kadhaa, na Steve-O akiwa mmoja wao. Kazi yao ilikuwa kufanya vituko vya hatari na kufanyiana mizaha, ili watu wacheke.

Vituko vyenyewe vingi havifai kuandikwa katika gazeti la Kanisa. Tutaje viwili tu. Katika filamu yao ya mwaka 2002, Steve-O alitembea juu ya kamba iliyopitishwa juu ya bwawa la mamba, hali amefungiwa nyama mbichi mwilini. Katika filamu ya mwaka 2006 alipenyezwa ndoana ya kuvulia samaki katika shavu lake, kisha akaingia baharini penye papa. Kadiri alivyoumia ndivyo walivyocheka, na kadiri walivyocheka ndivyo jina lake lilivyokua.

Ndugu zetu, kucheka si dhambi. Sara alicheka katika uzee wake, na mtoto wake Isaka akapewa jina lenye maana ya kicheko. Nyumba isiyo na kicheko ni nyumba yenye huzuni. Lakini Maandiko yatuonya juu ya mchezo usiojali mwenzako. Katika Mithali 26:18–19, mtu amdanganyaye jirani yake kisha akajitetea kuwa ni mzaha tu, amefananishwa na mwendawazimu arushaye moto na silaha. Wazee wetu nao walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mwezi wa Januari, mwaka 2001, katika jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 13 aliungua vibaya alipoiga kitendo cha moto alichokiona katika kipindi hicho. Yule aliyekifanya katika televisheni alikuwa amevaa nguo za kuzuia moto. Mtoto hakuwa nazo. Onyo la kutoiga lilikuwako katika kipindi, lakini macho ya mtoto hushika upesi kuliko masikio yake. Seneta Joseph Lieberman alipaza sauti, na kituo kikakiondoa kipindi hicho katika saa zote za kabla ya saa nne za usiku.

Basi, nyuma ya kicheko kulikuwa na nini? Steve-O alikuwa amezama katika pombe na madawa ya kulevya. Hata ulevi wake ukawa sehemu ya maonyesho. Hapo ndipo penye jambo zito, wapendwa. Mtu aliye mgonjwa akichekesha, ni vigumu watu kuuona ugonjwa wake. Akianguka, wanadhani ni kituko kingine. Akilia, wanangoja aendelee ili wacheke zaidi.

Mwezi wa Machi 2008 aliwaandikia watu wengi barua pepe za kutisha, zilizoonyesha ya kwamba yuko tayari kuyahatarisha maisha yake kwa kujirusha kutoka juu. Safari hii wenzake hawakucheka. Johnny Knoxville na rafiki wengine walikwenda nyumbani kwake, wakamchukua bila ya hiari yake, wakampeleka hospitali. Kwa sheria ya California mtu wa hali ile aweza kuzuiliwa saa 72 kwa usalama wake, naye akazuiliwa, kisha akaendelea na matibabu. Tangu mwezi huo Steve-O amehesabu siku zake za kuishi bila pombe wala madawa, naye ameeleza waziwazi ya kwamba rafiki zake ndio waliomwokoa.

Hatumtaji ili awe kielelezo cha utakatifu. Vituko hakuviacha, alirudi navyo katika filamu ya mwaka 2010 na ile ya mwaka 2022. Twataja habari hii kwa ajili ya wale waliombeba. Kutoka kwao twajifunza mambo matatu.

Kwanza, waliokuwa watazamaji waligeuka kuwa wachukuzi. Siku ile Kapernaumu nyumba ilijaa watu, lakini waliobeba ni wanne tu. Wengine wote walikuwa wametazama mbele, na kwa migongo yao walimzibia mgonjwa njia. Yawezekana kuwa karibu na mtu kila siku, kumjua jina na vichekesho vyake, na bado ukawa umemzibia mlango.

Pili, walikubali gharama. Wale wanne walitoboa nyumba isiyo yao, mbele ya waandishi na wakuu. Rafiki wa Steve-O walijua ya kwamba atakasirika, na pengine urafiki utavunjika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tena mara nyingine hukufaa kwa jambo usilolipenda. Injili yatuambia ya kwamba Bwana Yesu aliiona imani yao, yaani ya hao wachukuzi, kabla hajanena na yule aliyelala.

Tatu, hawakumwacha baada ya kumfikisha. Walipokuwa wakitengeneza ile filamu ya mwaka 2010, pombe haikuruhusiwa mahali pa kazi, ili mwenzao asijaribiwe. Watu wa dunia hii, waliojulikana kwa upuuzi, walitenda lile ambalo Mtume Paulo awafundisha Wakristo katika Warumi 14:21: mwenye nguvu na ajinyime kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu. Je, sisi tulioitwa kwa jina la Kristo tutashindwa na hao?

Lakini si kila mtu hubebwa kwa wakati. Tarehe 20 Juni 2011, mwenzao mmoja, Ryan Dunn, alitoka kunywa usiku, akaendesha gari kwa mwendo mkali huko Pennsylvania, akapata ajali. Alikufa pamoja na abiria wake. Alikuwa na umri wa miaka 34. Hatusemi hili ili kumhukumu marehemu wala waliobaki. Twalisema ili tujue ya kwamba wakati ni mfupi.

Sasa tuangalie mtaani kwetu. Karibu kila mtaa una mtu wake wa kuchekesha watu. Ni yule anayetoka kilabuni akiimba, watoto wakimfuata nyuma. Katika arusi huitwa katikati acheze, na mwenye pesa humwongezea chupa ili asichoke. Kisha sote twarudi nyumbani tukisema, fulani ametufurahisha. Nani amepata kumsindikiza mpaka kwake? Nani anajua kama ana chakula, au kama mkewe na watoto wanalala kwa amani? Na vijana, mnapowashika wenzenu katika mizaha na kuwapiga picha, tazameni kwanza uso wa yule anayechekwa.

Tunawasihi basi. Ukimjua mtu wa namna hii, usimseme barazani; tafuta watu watatu wenye moyo, nanyi mtakuwa wanne. Mwendeeni asubuhi, akiwa na fahamu zake. Mpelekeni hospitali, na mkae naye siku za baada ya hospitali, maana hizo ni ngumu zaidi. Mkimwalika katika karamu, karamu hiyo na iwe bila pombe. Na mkumbuke ya kwamba hamkuitwa kumbeba maisha yake yote. Yule wa Kapernaumu alikuja amebebwa, akarudi nyumbani kwake akikichukua kitanda mwenyewe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeiona imani ya watu wanne juu ya nyumba, utupe macho ya kumwona mgonjwa nyuma ya kicheko chake, na mabega ya kumchukua. Utusamehe kila furaha tuliyoinunua kwa maumivu ya mwingine. Uwakumbuke wale wanaohesabu siku zao moja moja, uwatie nguvu leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.