Yusufu kwenye stesheni ya Likasi

Huku mtaani Bel-Air, Katanga, mtu akisema msibani kwamba ni mapenzi ya Mungu, mimi hunyamaza. Mwaka 1992 Wakasai walifukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na mama mkubwa akalala na maelfu ya wenzake nje ya stesheni ya Likasi, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Kasai yenyewe hakuijua. Alizaliwa hukuhuku, baba yake akiwa mfanyakazi wa Union Minière. Kitinda mimba wake alikufa palepale kwa kuharisha, wakamfunga katika kitenge cha buluu.

Mungu ndiye aliyetaka hivyo? Sikubali. Waliowafukuza ni watu, na dhambi ni yao. Yusufu wa Biblia, alipokutana Misri na ndugu zake waliomuuza, hakuwaambia kwamba walifanya vyema. Aliuita ubaya kwa jina lake, kisha akaona mkono wa Mungu ukiokoa watu na njaa kupitia ubaya uleule. Imani yangu imesimama hapo. Uovu haumpokonyi Mungu kiti chake, wala enzi yake haitukatazi kulia. Zaburi zimejaa malalamiko.

Mama mkubwa bado anamdai Mungu jibu kuhusu mtoto yule, na Jumapili hututangulia sisi sote kanisani.